Kumjua Mshindi wa Oscar Kabla Bahasha Haijafunguliwa

Mshindi wa tuzo ya filamu hupatikana kwa moja ya njia tatu: kura za maelfu ya watu wa fani, uamuzi wa jopo dogo la majaji, au kura za mashabiki. Anayetaka kumjua mshindi kabla hajatangazwa hana budi kuanzia hapo, kwa kuuliza nani anapiga kura na kura hizo zinahesabiwaje. Swali la filamu ipi ni nzuri kuliko zote ni halali kabisa, ila ni swali jingine, na wengi wanaobashiri vibaya huwa wamejibu hilo badala ya lile la kwanza.

Tuzo za Oscar, zinazotolewa na Akademia ya filamu ya Marekani, ni za njia ya kwanza, na ndizo zinazotabirika kuliko zote. Mwanzoni hapakuwa na cha kutabiri. Sherehe ya kwanza ilifanyika katika hoteli moja ya Hollywood tarehe 16 Mei 1929, na washindi walikuwa wamekwisha kutangazwa tangu Februari. Baadaye magazeti yakawa yanapewa majina mapema, kwa sharti la kutoyachapa hadi usiku wa sherehe. Mwaka 1940 Los Angeles Times likayachapa katika toleo la jioni, na wageni wakaingia ukumbini wakiwa wameshasoma nani kashinda. Kuanzia 1941 majina yakafungwa ndani ya bahasha, na utabiri ukazaliwa siku hiyo.

Kura zinahesabiwa na kampuni ya wakaguzi ya Price Waterhouse, ambayo siku hizi ni PricewaterhouseCoopers, tangu mwaka 1935. Wanaojua orodha kamili kabla ya sherehe ni wakaguzi wachache tu. Kasoro yao kubwa, ya tarehe 26 Februari 2017, haikuwa ya kuvujisha siri: mtangazaji alikabidhiwa nakala ya bahasha ya mwigizaji bora wa kike, La La Land ikatajwa kuwa filamu bora, na watayarishaji wake walikuwa tayari wanashukuru jukwaani ilipobainika kuwa mshindi ni Moonlight. Kwa hiyo anayejigamba kuwa amepenyezewa matokeo amedanganywa, au yeye ndiye anayedanganya. Njia pekee ni kuwasoma wapiga kura.

Wapiga kura hao ni watu wapatao elfu kumi, waliogawanyika katika matawi ya kitaaluma: waigizaji, waongozaji, waandishi, wapigapicha, wahariri na wengineo. Katika hatua ya uteuzi kila tawi huteua watu wake, yaani waigizaji huteua waigizaji na wahariri huteua wahariri. Filamu bora huteuliwa na wanachama wote. Katika hatua ya mwisho karibu kila kipengele huwa wazi kwa wanachama wote. Mhariri anaweza kuteuliwa kwa ufundi ambao ni wahariri wenzake tu wanaouona, kisha akashindwa kwa sababu kura ya mwisho imepigwa na waigizaji, ambao ndio tawi kubwa kuliko yote. Anayetabiri uteuzi na anayetabiri ushindi, basi, wana kazi mbili tofauti, na aliye hodari katika moja si lazima awe hodari katika nyingine.

Kinachorahisisha mambo ni kwamba wapiga kura haohao, au wenzao wa karibu, hupiga kura nyingine wiki chache kabla. Chama cha waongozaji wa Marekani kina tuzo yake tangu mwaka 1948. Tangu hapo hadi sherehe ya 2025, mshindi wake alikosa Oscar ya mwongozaji bora mara nane tu. Mara moja kati ya hizo inaihusu Afrika Mashariki. Machi 1986 chama hicho kilikuwa kimempa tuzo Steven Spielberg kwa The Color Purple, lakini Akademia haikuwa imemteua kabisa katika kipengele cha mwongozaji. Filamu yake ikaingia ukumbini na uteuzi 11 na kutoka mikono mitupu. Aliyechukua tuzo ya mwongozaji ni Sydney Pollack kwa Out of Africa, iliyopigwa picha Kenya, na filamu hiyo ikaondoka na Oscar saba, ile ya filamu bora ikiwemo. Hata hivyo, aliyesoma orodha ya wateule hangeshangaa hata kidogo: mtu asiyeteuliwa hawezi kushinda, na kwa kukosekana Spielberg ishara ya chama ilikuwa imekwisha kufa mwezi mzima kabla ya sherehe.

Waigizaji nao wana chama chao, na tuzo zake hadi 2025 zilijulikana kwa kifupi kama SAG. Nyingine ni Golden Globe, tuzo za wahakiki na BAFTA ya Uingereza. Zote nne zikimwangukia mtu mmoja, kazi ya mtabiri imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007 kwa Forest Whitaker, aliyemwigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland na kujifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi hiyo. Alifagia tuzo zote hizo, na Oscar ya tarehe 25 Februari ikawa kama kukamilisha taratibu.

Shughuli huanza ishara zinapopingana, na hakuna mfano ulio wazi kuliko wa Lupita Nyong'o. Mwanzoni mwa 2014 Mkenya huyo aliwania tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa 12 Years a Slave, na mpinzani wake mkubwa alikuwa Jennifer Lawrence wa American Hustle. Januari Lawrence akachukua Golden Globe. Siku chache baadaye Lupita akachukua tuzo ya wahakiki, kisha ya SAG. Februari BAFTA ikaenda kwa Lawrence. Kwa hesabu ya vidole ni mbili kwa mbili, na aliyeishia hapo alibaki akirusha shilingi.

Hesabu ya vidole ndiyo iliyokuwa na kasoro, kwa sababu tuzo hizo nne hazina uzito sawa. Golden Globe ya wakati ule ilikuwa ya waandishi wa habari wa kigeni wapatao tisini, na hakuna hata mmoja wao aliyepiga kura ya Oscar kwa sababu ya uandishi wake. BAFTA ilikuwa na wanachama wachache waliokuwa pia wapiga kura wa Akademia. SAG, kinyume chake, hupigiwa kura na chama cha waigizaji, na waigizaji ndio kundi kubwa katika Akademia. Jambo la pili halikuonekana kwenye orodha yoyote ya tuzo: Lawrence alikuwa ametoka kushinda Oscar mwaka uliotangulia, na wapiga kura huwa wazito kumpa mtu mmoja miaka miwili mfululizo. La tatu ni msimu wenyewe. Kila Lupita aliposimama jukwaani kushukuru, wapiga kura ambao hawakuwa wakimjua walipata nafasi ya kumjua. Ulipojumlisha haya, uwezekano wake ulikuwa umevuka nusu kwa mbali. Tarehe 2 Machi 2014, wakati Nairobi na Dar es Salaam ni alfajiri ya Jumatatu, akawa Mkenya wa kwanza kushinda Oscar.

Somo hilo lilitumika miaka kadhaa, kisha likaanza kuwasaliti waliolikariri. Mwaka 2019 Glenn Close alikuwa na Golden Globe na SAG, lakini Oscar ikaenda kwa Olivia Colman, mshindi wa BAFTA. Mwaka 2021 hali ilikuwa ya uchungu zaidi. Chadwick Boseman alikuwa amefariki Agosti iliyotangulia, na tayari alikuwa na Golden Globe, tuzo ya wahakiki na SAG. Waandaaji wakakisogeza kipengele cha mwigizaji bora wa kiume hadi mwisho kabisa wa sherehe, jambo lisilo la kawaida, na watu wengi wakaamini wanaandaa kumuaga. Bahasha ikatoa jina la Anthony Hopkins, mwenye BAFTA, ambaye hakuwepo ukumbini na saa hiyo alikuwa amelala kwao Wales. Mwaka 2024 Lily Gladstone aliyeshinda SAG akashindwa na Emma Stone wa BAFTA. Mwaka 2025 Demi Moore wa SAG akashindwa na Mikey Madison wa BAFTA.

Wapiga kura ndio waliobadilika. Baada ya uteuzi wa 2015 na 2016 kutoka na waigizaji weupe watupu na kuzua malalamiko makubwa, Januari 2016 Akademia iliahidi kuongeza maradufu wanachama wanawake na wasio weupe ifikapo 2020. Wengi wa walioalikwa walitoka nje ya Marekani. Chama cha waigizaji kikabaki cha Wamarekani, huku Akademia ikielekea Ulaya, Asia na Amerika ya Kusini. Ishara ya BAFTA, iliyokuwa dhaifu mwaka 2014, ikapata nguvu. Lakini haijawa sheria. Mwaka 2023 BAFTA ilimpa Cate Blanchett na Oscar ikamfuata Michelle Yeoh, mshindi wa SAG. Mtabiri makini huzipa tuzo mbili hizi uzito unaokaribiana, kisha hutafuta sababu ya tatu ya kuamulia.

Kipengele cha filamu bora kina hesabu yake, na hapa ndipo wabashiri wengi huangukia pua. Vipengele vingine vyote anashinda mwenye kura nyingi, hata akizidi kidogo tu moja ya tano. Filamu bora, tangu sherehe ya 2010 idadi ya wateule ilipopandishwa kutoka watano hadi kumi, huamuliwa kwa kura ya kupanga: kila mpiga kura huorodhesha filamu kwa mpangilio anaoupenda, na mshindi lazima avuke nusu. Tuseme wapiga kura ni 100. Filamu ya kwanza ina kura 40 za namba moja, ya pili 35, ya tatu 25. Hakuna iliyovuka nusu, basi ya tatu inaondolewa na karatasi zake 25 zinahamishiwa kwa chaguo la pili la kila mpiga kura. Ikiwa 18 kati ya hizo zimeweka ile ya pili mbele ya ya kwanza, matokeo ni 53 kwa 47, na filamu iliyoongoza tangu mwanzo imeshindwa.

Mfumo huu huiadhibu filamu yenye wapenzi wengi na maadui wengi, na kuibeba ile ambayo karibu kila mtu ameiweka nafasi ya pili au ya tatu. Kura za hatua kwa hatua hazitangazwi, hivyo hakuna anayeweza kuthibitisha kilichotokea mwaka fulani. Hata hivyo mfululizo wa miaka ya karibuni unaelekeza hapo. La La Land ya 2017 ilikuwa na uteuzi 14, sawa na rekodi ya wakati huo, na tuzo ya chama cha watayarishaji, nayo ikashindwa na Moonlight. 1917 iliingia sherehe ya Februari 2020 ikiwa na tuzo ya waongozaji, ya watayarishaji, Golden Globe na BAFTA, kisha ikashindwa na Parasite ya Korea Kusini, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda. Parasite ilikuwa na ishara yake: waigizaji wa SAG waliipa tuzo ya kundi bora la waigizaji, ingawa ni filamu ya maandishi chini ya skrini. Mtu hana budi kuuliza ni filamu ipi haichukiwi na yeyote. Jibu lake ni gumu kulipata kwenye takwimu, na hapo ndipo anayesoma mahojiano ya wapiga kura humzidi anayesoma namba tu.

Wenye namba nao wapo. Nate Silver, Mmarekani aliyejijengea jina kwa kutabiri uchaguzi wa rais wa 2008, alijaribu Oscar za Februari 2009 kwa mfumo wa kitakwimu katika vipengele sita vikuu. Alipata vinne na kukosa viwili, vyote vya waigizaji. Si matokeo mabaya, lakini mtu aliyefuatilia tuzo za msimu kwa karibu angeweza kufika hapo bila kompyuta. Tatizo la takwimu ni uchache wa mifano: kila kipengele kina mshindi mmoja kwa mwaka, na kanuni za upigaji kura hubadilika kabla data haijatosha. Vipengele vilikuwa 23 hadi 2025, na 2026 kikaongezwa cha 24, cha wateuzi wa waigizaji, ambacho hakikuwa na historia hata ya siku moja. Mwaka huohuo likaanza sharti kwamba mwanachama asipige kura ya mwisho katika kipengele ambacho hajatazama filamu zake zote. Kabla ya hapo wapo waliopiga kura kwa kusikia sifa tu.

Utabiri ukitolewa ipasavyo hausemi tu nani atashinda, husema pia kwa uhakika kiasi gani. Vijana wa vibanda vya kubeti wanalijua hili bila kufundishwa: timu tano zenye nafasi kubwa kila moja, zikiwekwa kwenye mkeka mmoja, mara nyingi huchanika kwa timu moja. Oscar ni hivyohivyo. Mtu mwenye uhakika wa asilimia 80 katika kila kimoja cha vipengele 24 atarajie kupata 19 hivi. Akipata vyote 24, ana bahati kuliko maarifa.

Vipengele vidogo ndivyo vinavyochana mkeka. Filamu fupi hazina chama wala tuzo za awali zenye wapiga kura haohao. Watu Wote, filamu fupi ya Mjerumani Katja Benrath inayosema Kiswahili na Kisomali, ilisimulia shambulio la basi la Mandera la Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Ilikuwa imeshinda Oscar ya wanafunzi mwaka 2017, ikateuliwa katika tuzo kuu za 2018, na mtu angedhani ushindi wa kwanza ni dalili ya wa pili. Tuzo ikaenda kwa The Silent Child ya Uingereza. Filamu za kumbukumbu ni rahisi kidogo. Bobi Wine: The People's President ilipoteuliwa mwaka 2024, Waganda walikuwa na haki ya kushangilia, lakini 20 Days in Mariupol ya Ukraine ilikuwa tayari na BAFTA na tuzo ya chama cha waongozaji. Kampala walitarajia kwa moyo. Kwa kalamu, jibu lilikuwa limeshaandikwa.

Hapa ndipo nafasi ya mtazamaji wa mbali inapoonekana vizuri. Kiswere, kwenye ghuba iliyo kati ya Kilwa Masoko na Lindi, hakuna jumba la sinema, na filamu nyingi zinazowania Oscar hazifiki huko msimu unapokuwa umepamba moto. Katika kibanda umiza cha pwani hiyo hutawala mpira wa Ulaya, muvi za mapigano zilizotafsiriwa na ma-DJ waliofuata njia aliyoifungua mtafsiri Lufufu, na tamthilia. Anayekwenda kujaziwa muvi kwenye flashi hatarajii kukuta Anora, mshindi wa 2025, na akiikuta hana hakika kama angeimaliza. Sherehe yenyewe ikianza Los Angeles Jumapili, Kiswere ni usiku wa manane: saa nane au tisa tangu ilipoanza kurushwa mapema mwaka 2024, kabla ya hapo saa tisa au zaidi.

Hayo yote hayamzuii kutabiri. Anachohitaji ni bando dogo na siku nne au tano za kufuatilia: ile ya wateule, ya chama cha watayarishaji, ya waongozaji, ya SAG na ya BAFTA. Mhakiki wa New York aliyetazama filamu zote kumi ana faida ndogo kuliko anavyodhani, tena ana hasara moja: ameshapenda mojawapo. Asiyeziona hana cha kumpotosha. Ni hali ya kuchekesha kidogo, lakini inatokana na namna tuzo yenyewe ilivyojengwa.

Mtazamaji huyohuyo akigeukia filamu za nyumbani, anakuwa gizani. Njia ya filamu ya Kiswahili kwenda Oscar ni kipengele cha filamu bora ya kimataifa, ambacho hadi 2019 kiliitwa cha lugha ya kigeni. Kila nchi hupeleka filamu moja, ikichaguliwa na kamati ya nchi husika, na filamu hiyo lazima iwe imeonyeshwa kibiashara kwenye jumba la sinema kwa siku saba mfululizo. Mara nyingi utabiri hufia hapohapo nyumbani, kwenye kamati.

Kenya ina kisa cha kufundishia. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, mwaka 2018. Kwa kuwa ni hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili, bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Nairobi iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, zile saba zinazotakiwa na Akademia, na kumbi zikajaa. Kwa mtu wa nje mambo yalikuwa yamekwisha: filamu ya Cannes, yenye habari dunia nzima, imepata siku zake. Kamati ikapeleka Supa Modo ya Likarion Wainaina, kisa cha msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa wa sinema. Supa Modo ni kazi nzuri, na uamuzi huo una watetezi wake. Lakini anayetabiri kwa kutazama sifa za kimataifa peke yake alikosea, kwa sababu kamati ya watu wachache wa ndani ya nchi huona hatari ambazo Akademia haizioni.

Tanzania ilipeleka Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001, kisha ikakaa zaidi ya miaka ishirini hadi Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, mwaka 2022. Vuta N'kuvute ilikuwa imezinduliwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021, sifa ambayo filamu chache za Kitanzania zimeipata. Haikufika kwenye orodha ya filamu 15 ambamo tano za mwisho huteuliwa. Kenya nayo, tangu Nairobi Half Life ya 2012, imepeleka Kati Kati, Supa Modo, Subira, The Letter na nyingine, na hakuna iliyoingia tano za mwisho. Sababu si ubora peke yake. Nchi zinazopeleka filamu hupita themanini, na wanachama wanaojitolea kuzipitia huanza na zile walizosikia habari zake. Habari hizo hutoka Cannes, Venice na Berlin, kisha hubebwa na msambazaji wa Marekani mwenye fedha za kuonyesha filamu kwa wapiga kura na kuwaleta waigizaji wakutane nao. Filamu isiyo na msambazaji huko ina nafasi ndogo mno, hata ikiwa bora. Katika historia yote, Afrika imeshinda kipengele hiki mara tatu: Z ya Algeria, filamu ya Ivory Coast ya Mfaransa Jean-Jacques Annaud, na Tsotsi ya Afrika Kusini mwaka 2006. Mbili za kwanza ziliongozwa na watu wa Ulaya.

Tuzo za majaji ni jambo jingine kabisa. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, hutoa Jahazi la Dhahabu kwa uamuzi wa jopo la watu wachache wanaobadilika kila mwaka. Hakuna tuzo ya awali inayoelekeza, na mwaka jana hausemi kitu kuhusu mwaka huu, kwa sababu waliokaa Ngome Kongwe mwaka jana si wale wa leo. Watu watano mezani hutafuta maafikiano, na filamu inayopendwa mno na wawili na kukataliwa na wawili huishia na tuzo maalumu huku nyingine isiyokuwa na ugomvi ikichukua kubwa. Hapa kuitazama filamu kunasaidia, na kuzifahamu kazi za majaji wenyewe kunasaidia zaidi.

Tamasha la FESPACO la Ouagadougou lilionyesha mwaka 2023 jinsi shangwe za wenyeji zisivyo ishara. Wabukinabe walikuwa wakiisubiri Sira ya Apolline Traoré iwaletee farasi wa dhahabu, yaani tuzo kuu, ambaye nchi yao ilimkosa tangu 1997. Jopo likampa Youssef Chebbi wa Tunisia kwa Ashkal. Sira ikapata fedha, na Shimoni ya Mkenya Angela Wamai ikapata shaba, matokeo ambayo ni wachache walioyataja kabla. Burkina Faso ilisubiri hadi 2025, Dani Kouyaté alipoirudishia.

Katika kura za mashabiki, ubora ndio unaosaidia kidogo kuliko popote. Tuzo za AMVCA, zinazotolewa Lagos tangu 2013, huchanganya vipengele vya mashabiki na vya majaji, na Kalasha za Kenya nazo huchanganya. Katika kipengele cha mashabiki kinachozikutanisha nchi zote, Nigeria huanza mbele kwa wingi wa watu. Vipengele vya kanda na vya lugha hupunguza tofauti hiyo, na Watanzania walivuna humo: Machi 2016 Elizabeth Michael, yaani Lulu, alichukua tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu, na Single Mtambalike, Richie, akachukua ya lugha ya Kiswahili kwa Kitendawili. Anayetabiri vipengele vya aina hii ajue kwanza kama mshindi anaamuliwa na majaji au na simu. Kama ni simu, atazame nani ameanza kampeni mapema, ana wafuasi wangapi wanaomwitikia, na kama mtu mmoja anaruhusiwa kupiga kura zaidi ya mara moja. Umaarufu usiokuwa na kampeni huangushwa kila mwaka.

Kwa filamu itakayopelekwa Oscar na Tanzania au Kenya siku zijazo, maswali ya kuuliza ni matatu, tena kwa mpangilio huu: ilizinduliwa tamasha gani, ina msambazaji Marekani, na je, imo kwenye orodha ya filamu 15? Orodha hiyo hutangazwa Desemba. Filamu isiyokuwemo haina haja ya kutabiriwa tena mwaka huo.